Mahakama, siasa, mpira au kivuko: mpiga picha wa gazeti Mombasa ajijenge wapi?

Kijana ana kamera. Gazeti limemwambia alete picha, atalipwa kwa kila itakayochapishwa. Sasa amekwama: aende mahakamani kila siku, aandame wanasiasa, akae uwanjani Mbaraki na mpira, au azunguke mjini na kivukoni kutafuta picha za maisha?

Ofisi ya gazeti ya Mombasa si kama ya Nairobi. Huko kuna mtu wa michezo, mtu wa bunge na mtu wa biashara. Hapa mpiga picha mmoja aweza kuamkia kivuko cha Likoni, saa tatu awe mahakamani, saa nane awe Tononoka anamngoja mheshimiwa, na saa kumi awe nyuma ya goli. Hata hivyo kila mmoja wetu huishia kuwa na kazi anayoitiwa kwanza. Tukio likitokea, mhariri humkumbuka mtu fulani kabla hajashika simu. Kwa hiyo ni vyema ujiulize unataka ukumbukwe kwa lipi.

Zote nne nimezifanya, nyingine kwa kupenda, nyingine kwa kusukumwa. Nitaziweka mbele yako kwa vipimo vilevile, uchague mwenyewe.

Vipimo

Cha kwanza ni kungoja. Watu hudhani kazi hii ni kubonyeza. Kubonyeza ni kidogo sana. Saa nyingi ni za kungoja, na kila kazi ina kungoja kwake. Anayeweza kusimama mlangoni saa sita bila kununa huenda asiweze kungoja huku anakimbia.

Cha pili ni mwanga. Mombasa iko nyuzi nne hivi kusini mwa ikweta, na jua letu hupanda wima na kushuka wima. Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri kila uso una kivuli cheusi chini ya nyusi, na mwezi wa Machi na wa Oktoba jua la adhuhuri hupita karibu utosini. Machweo nayo hayakawii. Ukichelewa kidogo umekuta giza.

Vingine ni ruhusa, yaani nani aweza kukufukuza. Vifaa, maana lenzi ndefu ni bei ya shamba. Hatari, ya mwili na ya kisheria. Na mwisho umri wa picha. Gazeti la leo kesho hufungia viazi karai, lakini ziko picha ambazo mhariri huzirudia baada ya miaka kumi.

Unyevu sikuuweka kwenye vipimo kwa kuwa unatupata wote sawa. Ukiitoa kamera kwenye ofisi yenye kiyoyozi ukatoka nayo nje, lenzi hupiga ukungu kama kioo cha bafu. Niliwahi kuifuta kwa pindo la shati, ikapiga tena, nikafuta tena, na jamaa niliyekuja kumpiga picha akaingia garini akaenda zake. Siku hizi kamera hukaa ndani ya mkoba uliofungwa hadi ipate joto la nje. Usiku huwa kwenye sanduku lenye mfuniko wa kubana pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu, la sivyo kuvu huota ndani ya lenzi kama nyuzi za buibui, na fundi wa kuiondoa hutaipenda bei yake.

Mahakamani

Kungoja kwa huku ni kwa kusimama. Kesi imeandikwa saa tatu, faili halijapatikana, wakili yuko mahakama nyingine, hakimu ana mkutano. Mshtakiwa analetwa na gari la magereza kutoka Shimo la Tewa, na kati ya mlango wa gari na mlango wa mahabusu pana hatua chache tu. Hatua hizo ndizo kazi yako ya siku nzima. Siku moja nilisimama tangu saa mbili hadi saa saba, nikavuka barabara kununua dafu, na lile dafu sijalimaliza gari likaingia. Nilipofika palikuwa na mgongo wa askari.

Lakini mahakama ina zawadi zake kwa mwenye jicho. Washtakiwa wengi hujifunika uso kwa leso, shati au gazeti letu lenyewe, na mpiga picha mgeni hukasirika akidhani amekosa. Tazama mikono. Picha yangu niipendayo ya mahakamani haina uso hata mmoja. Ni pingu moja iliyowafunga wanaume wawili, mmoja kashika mfuko wa plastiki wenye kandambili na mkate wa boflo, mwenzake kaukamata mkono wa mtoto wake aliyepenyezwa kati ya askari. Mhariri aliitoa kwa upana wa safu nne.

Mwanga wa kumbini ni hafifu, taa za neli hugeuza ngozi kuwa kijani, na flashi husumbua watu. Lenzi fupi yenye tundu pana la kuingizia mwanga, milimita 35 au 50, yatosha, na si ghali. Hapo mahakama inamfaa asiye na mtaji.

Ruhusa ndiyo shingo ya kazi yenyewe. Ndani ya chumba cha mahakama hupigi bila idhini ya hakimu au jaji. Wengine hukuachia dakika chache kabla kesi haijaanza, wengine hawataki kabisa, na kubishana nao ni kujitafutia kizimba chako mwenyewe. Jenga urafiki na makarani, maana wao ndio wanaojua kesi ya leo itasikilizwa kweli au itaahirishwa.

Hatari ya mwili si kubwa, ukiondoa jamaa wa mshtakiwa wanaokurukia nje. Ya kisheria ni kubwa. Ibara ya 50 ya Katiba ya 2010 inamhesabu mshtakiwa kuwa hana hatia hadi ithibitike, kwa hiyo maelezo chini ya picha yaseme "anayeshtakiwa", si "mwizi". Mtoto haonyeshwi uso, wala sare ya shule yake, wala mlango wa nyumba yao. Mwathiriwa wa ubakaji vilevile.

Umri wa picha hutegemea kesi. Zile za maharamia wa Kisomali zilizosikilizwa hapa Mombasa mwaka 2009 na 2010 zilitazamwa na dunia nzima, na picha zake bado zina kazi. Ya mwizi wa nyaya za simu haifiki Ijumaa.

Inamfaa mtu mtulivu, mwenye kuandika majina bila kukosea, asiyechoka kuambiwa "rudi kesho".

Siasa na barabarani

Nimeziweka pamoja kwa sababu mara nyingi moja huzaa nyingine.

Kwenye mkutano unangoja mtu mmoja ambaye kila mtu anajua atachelewa. Tangazo linasema saa sita, yeye anafika saa kumi kasoro, na wewe umeganda mbele ya jukwaa usije ukanyang'anywa nafasi. Wanasiasa husimama chini ya hema huku nyuma yao anga linawaka. Ukiiachia kamera ijipimie mwanga yenyewe, utapata kivuli kilichovaa kofia. Tia flashi kidogo, au jipimie kwa uso wake na uiache mbingu iungue. Na usipige tu mdomo uliofunguka. Nyuma ya mheshimiwa daima yupo mtu anayetazama saa, na huyo ndiye habari yenyewe.

Maandamano yana kungoja kwingine: dakika arobaini za kutembea na vijana wanaoimba, halafu sekunde tatu. Siku za Juni 2024, wakati wa kupinga mswada wa fedha, vijana wa Mombasa walishuka mjini wakiwa na simu mkononi, kila mmoja mpiga picha. Hilo limebadilisha kazi. Picha ya kwanza haitakuwa yako tena. Yako ni ile iliyotulia, yenye jina la barabara, saa na ukweli uliothibitishwa.

Ruhusa ya kupiga picha barabarani huhitaji, lakini kitambulisho cha Baraza la Vyombo vya Habari kiwe shingoni mwako. Sheria ya mikutano ya hadhara inamtaka mwandalizi awaarifu polisi kati ya siku 3 na 14 kabla. Mimi huuliza mapema kama hiyo arifa ilipelekwa. Jibu huniambia nivae viatu gani.

Hatari: hapa usijidanganye. Agosti 2012 mji huu ulifuka moshi siku kadhaa, na wenzetu walikimbia kwa mawe upande mmoja na gesi upande mwingine. Ujue upepo wako. Kusi ikivuma moshi wa vitoza machozi huenda kaskazini, kaskazi ikivuma hurudi kusini, na mahali pako ni pale upepo unakotoka. Chukua maji safi, usipake mafuta usoni kwa kuwa hushika ile kemikali, na usisimame kati ya pande mbili hata kama fremu inakuita. Mwenye pumu asiende. Tena fikiri kuhusu wale uliowapiga. Uso wa kijana aliyeshika jiwe ukitoka gazetini, unaweza kumfikia asiyestahili kuuona.

Vifaa ni lenzi mbili, fupi na ya kuvuta hadi mili 200, kadi mbili na betri za ziada. Picha huishi muda mrefu sana: mwanasiasa aliyekumbatiana na fulani mwaka huu atatukanana naye mwaka wa uchaguzi, na picha ya kumbatio itatolewa tena na tena. Kwa malipo ya kila picha, sioni inayoishinda kazi hii wakati wa kampeni. Kampeni zikiisha, unakaa.

Inamfaa mwenye miguu, na anayejua kuondoka mapema.

Mpira na michezo

Hapa nitakuwa mfupi, maana mambo yake yako wazi. Unangoja dakika tisini zilizopangwa, mwanzo unaujua na mwisho unaujua. Kwa mwenye watoto wa kupeleka shule, hilo si dogo.

Timu ya Bandari ikicheza Mbaraki, fika mapema, chagua goli ambalo jua litakuwa mgongoni mwako likianza kuteremka, kaa chini. Kasi ya shata isipungue moja kwa elfu ya sekunde, la sivyo mguu wa mshambuliaji utakuwa ukungu. Goli lenyewe mara nyingi hutalipata. Geuza lenzi kwa anayekimbilia mashabiki, au kwa kipa aliyebaki chini anang'oa nyasi. Ruhusa ni rahisi, kizibao na jina lako mlangoni. Hatari ni mpira wa uso, na mashabiki wakikasirika.

Tatizo ni pesa, kwenda na kurudi. Lenzi ya mili 300 au 400 hakuazimi mtu, na kurasa za michezo za magazeti yetu hujazwa picha za ligi ya Uingereza zinazonunuliwa kwa mashirika. Picha ya Mbaraki hubanwa pembeni kama stempu. Hilo huniuma, na sioni likibadilika karibuni.

Lakini mara moja moja dunia huja kwetu. Machi 2007 mbio za nyika za dunia zilikimbiwa hapa Mombasa, kwenye uwanja wa gofu, na joto likawafanya wakimbiaji wakubwa wakate tamaa njiani, bingwa Kenenisa Bekele wa Ethiopia mwenyewe akiwemo. Zersenay Tadese wa Eritrea akashinda. Waliokuwa na picha za Bekele akiacha mbio walikuwa na kitu ambacho picha ya mshindi haikukisema: jua la Mombasa.

Inamfaa mwenye mkono mwepesi, mtaji au wa kumkopesha, na mapenzi ya mchezo yasiyotegemea malipo.

Kivuko, bandari na mtaa

Hii haina tukio. Hakuna mwaliko, hakuna saa, hakuna mheshimiwa. Mhariri anasema tu, "Niletee picha ya ukurasa wa tatu," na unatoka. Kungoja kwake ni kugumu kuliko kote kwa sababu hujui unangoja nini.

Mwanga, kinyume chake, ni wako kuchagua. Likoni saa kumi na mbili u nusu asubuhi, feri inashusha watu na jua linawajia ubavuni, bado laini. Zaidi ya watu laki tatu huvuka kwa siku, kwa hiyo watu hutawakosa. Kazi ni kumpata mmoja. Nimewahi kushinda asubuhi tatu nikimfuata hamali mmoja wa mkokoteni kwenye mteremko wa feri. Mkokoteni ukishuka, yeye huuzuia kwa mgongo, visigino kaviegemeza kwenye matuta ya saruji, na vidole vyake vya miguu hujikunja mpaka vikawa vyeupe. Siku ya tatu ndipo niliposhuka chini na kuipiga ile miguu. Siku mbili za kwanza nilikuwa nikimpiga usoni kama kila mtu.

Ruhusa ndipo penye miiba. Bandari ya Kilindini huingii bila kibali cha Mamlaka ya Bandari, na kamera karibu na ua wake itakuletea mlinzi. Kivukoni pia ni eneo la ulinzi, nenda na barua na jitambulishe kabla hujatoa kamera. Droni ina kanuni zake za usafiri wa anga, na mji wenye uwanja wa ndege Changamwe na kambi ya wanamaji Mtongwe si mahali pa kubahatisha.

Mji wa Kale unaomba ruhusa ya aina nyingine, isiyoandikwa. Nilipoanza niliingia kichochoro cha Ndia Kuu nikaelekeza lenzi kwenye baraza walipoketi wazee na kahawa yao chungu. Mmoja akainua kiganja. "Kijana, salamu hamna kwenu?" Nikashusha kamera. "Sabalkheri, mzee. Nisamehe." Akasogea kunipa nafasi. "Sabalkheri. Kaa kitako kwanza, unywe kahawa. Picha haikimbii." Nilikunywa vikombe viwili, nikapiga picha moja, na hadi leo nikipita pale huitwa kwa jina. Akina mama wenye buibui usiwapige bila kuwauliza, na wakikataa basi. Wapiga picha wa kike wana mlango ambao sisi hatutaufungua kamwe: harusi ya Kiswahili upande wa wanawake, kupamba, kuimba, yote hayo mwanamume hayaoni, na hata kwao simu na kamera mara nyingi hukatazwa hadi mwenye shughuli akubali. Anayeaminiwa huko ana utajiri wake peke yake.

Misiba nayo. Waislamu huzika upesi, pengine siku ileile, kwa hiyo ukipigiwa simu saa tano jeneza laweza kuwa makaburini Kikowani baada ya adhuhuri. Simama mbali, lenzi ndefu, kichwa kimefunikwa, na uache kamera chini wakati wa dua.

Hatari ya mwili ni ndogo, ila chumvi. Baada ya kivuko pangusa kamera kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha kikavu. Vifaa ni kamera moja na lenzi moja ndogo, na kadiri inavyokuwa ndogo ndivyo watu wanavyokusahau.

Malipo? Mabaya. Picha ya maisha ndiyo ya kwanza kuondolewa tangazo likija. Ila kwa umri, hakuna inayoishinda. Aprili 29, 1994 feri ya Mtongwe ilizama na watu 272 wakafa. Mwenye picha ya kawaida ya feri ile, iliyojaa watu siku ya kawaida, alikuwa na kitu ambacho asubuhi yake kilikuwa hakina bei. Kwa mfano mwepesi zaidi: njia ya zamani ya Makupa, kabla ya daraja la 2022. Tulipita pale maisha yetu yote, na ni wachache waliosimama kuipiga.

Inamfaa asiye na haraka, anayependa watu, na mwenye pato jingine la kulipia kodi.

Kwa hali yako

Kama unaanza na kamera moja na lenzi fupi, mahakama na mtaa zitakupokea kama ulivyo. Kama unahitaji pesa mwaka huu na uchaguzi umekaribia, fuata siasa, lakini mtu wa nyumbani ajue uko barabara gani. Kama una ajira nyingine ya asubuhi, mpira wa Jumamosi na Jumapili hautaigusa. Kama una pumu, au macho yaliyofanyiwa upasuaji, waachie wengine maandamano bila aibu. Kama unataka siku moja ufanye maonyesho au kitabu, anza kivukoni leo, hata kama gazeti halichapishi hata moja, na uandike tarehe na mahali nyuma ya kila picha. Kama watu hukuchosha haraka, mtaa utakumaliza. Mahakama ina ukuta wa kuegemea.

Na kama umeajiriwa na zote nne zimeandikwa kwenye dayari ya siku moja, anza Likoni alfajiri, ingia mahakamani kabla ya saa tatu, umwachie karani namba yako ya simu, uende mkutanoni ukijua mheshimiwa atachelewa, na umwambie mhariri wa michezo mapema kwamba kipindi cha kwanza hutakiwahi. Kitambaa kikavu kiweke mfuko wa nje wa mkoba. Wa ndani huwezi kuufungua ukiwa umebanwa kwenye tuktuk.